Ukuta Mweupe wa Hession

Sehemu ya tisa

Tuliachana wiki iliyopita katikati ya ziwa Derryvaun, saa nne asubuhi, siku za mwisho za Mei, samaki mkubwa akiwa kwenye ndoana ya Dokta Tuohy na mashua ya Bartley Gavaghan ikiwa imepanda mwamba. Kuna walionisimamisha njiani kuniuliza kama samaki alipatikana. Watu wengine bwana! Mashua inaingiza maji, wao wanauliza samaki.

Samaki alikwenda zake na uzi. Tuyamalize hayo.

Kwa yule ambaye wiki iliyopita gazeti lake lilifungiwa mayai: Bartley ana miaka sitini na sita, na kwa misimu arobaini amewapeleka wageni wa hoteli kuvua trauti wa kahawia, wale samaki wa asili wa ziwa letu. Miaka miwili iliyopita macho yake yalikufa katikati. Daktari wa Galway alimwambia pembeni ataendelea kuona, katikati ndiyo basi, na dawa hakuna. Akikutazama usoni, uso wako haupo, anaona masikio.

Siri hiyo aliijua binti yake Noreen tu. Hivyo ndivyo Bartley alivyoamini. Kwa sababu siku hoteli ikijua, jina lake litafutwa kwenye orodha ya wenye mashua, na Bartley bila mashua ni nani? Hata yeye hajui, ndiyo maana anaogopa.

Basi alikuwa akiendesha kwa alama. Hapa kwetu kila mwenye mashua ana alama zake za nchi kavu, na alama hizo huwa siri ya nyumba, baba humpa mwana wa kiume na mwana humpa wake. Alama za mwamba uitwao Mgongo wa Nguruwe ni mbili: mnara wa kanisa na ukuta mweupe wa Hession. Unazima mota, unaiacha mashua isukumwe na upepo kando ya mwamba, pale trauti wanene wanapolala. Ukuta ukifika chini ya mnara, unavuta kasia haraka kutoka. Ukichelewa, mwamba ni wako.

Naye alichelewa.

Ubao mmoja wa chini ulikuwa umepasuka. Maji yalikuwa ya baridi ile ya kwetu isiyojali kwamba ni Mei. Dokta Tuohy, daktari wa meno wa Dublin aliyestaafu, mgeni wa Bartley kwa misimu ishirini na miwili, alikuwa amepiga magoti anakumba maji kwa kopo la kuchemshia chai. Bartley alikuwa ameshika makasia yote mawili lakini hapigi. Alikuwa anageuza kichwa kushoto na kulia kama kuku, ili pembe za macho yake ziikamate pwani.

"Dokta, ukuta uko wapi?"

Dokta aliendelea kukumba.

"Nimekuuliza, ukuta uko wapi?"

"Bartley, kosa ni langu," alisema Dokta. "Nilinyamaza."

"Ulinyamaza nini?"

"Miaka miwili sasa mimi ndiye ninayekusomea ziwa. 'Leo kanisa linang'aa, Bartley.' 'Naona tunakaribia kile kisiwa cha kunguru, Bartley.' Hukujiuliza mtu wa makamo yangu amepata wapi domo namna hii?"

Na kweli, jamani, tuliwahi kucheka. Bartley mwenyewe alikuwa akilalamika nyumbani kwamba Dokta amezeeka vibaya, kwamba zamani walikuwa wanakaa kutwa nzima bila neno, kama inavyotakiwa, na sasa mtu huyu anaongea mashuani mpaka samaki wanaziba masikio. Noreen alikuwa akimwambia avumilie. Kumbe domo lile ndilo lililokuwa macho yake.

"Na leo?" Bartley aliuliza.

"Leo samaki alimeza. Nikawa nasali."

Hapo Bartley alielewa, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha. Tunapovua na nzi wa Mei walio hai, wale wadudu wanaoibuka ziwani mwezi huu, uzi mwepesi unapepea mbele ya mashua na wadudu wawili wanacheza juu ya maji. Trauti akija akiwameza, mgeni yeyote huinua ufito wa kuvulia pale pale, na huambulia maji. Inabidi usubiri. Wazee wetu walikupima kusubiri huko kwa sala ya Salamu Maria, nusu yake ya kwanza tu, kimoyomoyo, ndipo unainua. Nusu ya pili haisemwi ukiwa majini. Ile ina maneno ya saa ya kufa kwetu ndani yake.

Kwa muda wa nusu Salamu Maria Dokta alinyamaza, na mashua haikuhitaji zaidi ya hapo.

"Kwa hiyo nilikuwa abiria," alisema Bartley.

"Sikusema hivyo."

"Miaka miwili nilikuwa abiria kwenye mashua yangu."

Dokta alirudi kwenye kopo lake. Mtu aliyeng'oa meno maisha yake yote anajua kuna maumivu yasiyofaa kupapaswa.

Lakini ngoja. Bartley hakuishia hapo, na hili ndilo lililomtia baridi kuliko maji. Alisema polepole kwamba safari hii hakuhitaji kusomewa. Ukuta aliuona mwenyewe. Ulikuwa mweupe kuliko miaka yote, weupe wa kulia machozi, ulimwingia pembeni mwa jicho la kushoto kama shuka kwenye kamba. Akauleta chini ya mnara sawasawa. Akaweka mikono kwenye makasia. Na kabla hajavuta, mwamba ukawa chini yake.

"Basi si macho, Dokta," alisema. "Macho nilishayazoea. Ni kichwa. Ziwa limeondoka kichwani."

Aliyekuja kuwatoa alikuwa Colie Furey. Ndiyo, huyo huyo Colie. Yule aliyesema baani mbele ya watu kumi na wawili kwamba Bartley Gavaghan siku hizi anamimina chai kwa kusikiliza. Alikuwa na wageni wake wawili mashuani, akawaambia wakunje nyuzi, akaja moja kwa moja. Bartley alipotambua sauti ya mota ile alinyoosha mgongo, akajiandaa kwa matusi. Alikuwa na majibu matatu tayari.

"Kamba, mzee," alisema Colie. Basi.

Akafunga kamba, akawavuta mpaka gatini bila neno. Pale gatini watu wa hoteli walikuwa wamekwisha jaa, na mmoja akauliza kumetokea nini. Colie akajibu kwamba mota ya Bartley ilizimika. Kila aliyekuwepo alijua kwamba pale kwenye Mgongo wa Nguruwe huendi na mota ikiwaka, kwa hiyo haiwezi kukuzimikia. Uongo ulikuwa mkubwa, na watu wote waliupokea kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyommaliza Bartley. Angetukanwa, angejua bado ni mtu wa ziwani. Mtu hufichiwa aibu akiwa tayari amehesabiwa kati ya marehemu.

Na sasa mtazameni Noreen.

Alikuwa amesimama mwisho wa umati, nyuma kabisa, kama desturi yake. Noreen ana miaka ishirini na tisa na nywele nyekundu, nyekundu hasa, zile za marehemu mama yake. Nasi huku tuna imani, mcheke msicheke: mvuvi akikutana asubuhi na mwanamke wa nywele nyekundu, arudi nyumbani, siku yake imekwisha. Bartley ni mtu wa kanisa na si mshirikina, ataapa hivyo. Lakini toka Noreen awe msichana wa kutembea, baba yake hutoka kwenda ziwani kwa mlango wa nyuma, kupitia zizini, ili wasionane. Akirudi jioni ndipo humsalimu. Noreen hajapanda mashua hata siku moja. Anafunga nzi wa bandia wa kuvulia wazuri kuliko mtu yeyote katika wilaya, kwa unyoya na uzi wa hariri, wageni wanawagombea, na hajawahi kumwona hata mmoja akigusa maji.

Alisikia watu wakinong'ona habari za mwamba. Akasikia Dokta Tuohy akimwambia Colie kwa sauti ya chini kwamba mzee analia kichwa kimeharibika, eti ameuona ukuta mweupe pasipo ukuta mweupe. Noreen akaingiza mikono kwenye mifuko ya koti.

Mikono ile ilikuwa imepasukapasuka kwa chokaa.

Nirudi nyuma kidogo, halafu nawaachia. Huu ukuta wa Hession ulikuwa ukipakwa chokaa kila Aprili na mjane Sabina Hession, kabla nzi wa Mei hawajatoka. Hakuna aliyemtuma. Mume wake Festus alikufa maji pale mwambani siku ya ukungu, na toka mwaka ule mjane hakuacha ukuta ule uwe wa kijivu hata msimu mmoja. Februari mwaka huu Sabina alikufa. Tulimzika, tukanywa, tukaimba, na katika sisi wote hakuna aliyekumbuka chokaa.

Noreen alikumbuka. Akiwa na miaka tisa alisikiliza mlangoni, baba yake akimfundisha kaka yake Malachy alama za ziwa. Alisikia "ukuta wa Hession uwe chini ya mnara", na alisikia baba akiongeza, kwa sauti ya chini, dada yako asijue. Malachy alizijua alama zote kumi na saba, kisha akaenda Boston kupaka rangi majumba ya watu, na hajazihitaji hata moja.

Kwa hiyo Aprili Noreen alinunua chokaa, akachukua ndoo na brashi ya marehemu mama yake, akapanda baiskeli mpaka kwa Hession. Nyumba ilikuwa imefungwa. Akapaka ukuta wa pembeni wa ile nyumba, ule unaotazama maji, mara mbili, kwa siku mbili, mpaka vidole vikatoa damu. Hakumwambia baba yake. Alitaka Mei ikija mzee auone tu, mweupe kuliko miaka yote, asijue ni nani aliyemfanyia.

Aliuona, ndiyo. Ukampeleka mwambani.

Pale gatini Noreen alikuwa bado hajajua kosa lake liko wapi. Alijua tu kwamba kuna ukuta mweupe na kwamba yeye ndiye aliyeupaka.

Siku ya pili mama mwenye hoteli alikuja nyumbani kwao na keki ya zabibu. Mtu akikuletea keki ya kilo mbili na hakuna aliyezaliwa wala aliyeoa, jua hapo hakuna heri. Alikunywa chai, akasifia kuku, akasema msimu huu hata hivyo si msimu. Na hapo hakudanganya. Ziwa limeota ukijani toka mashamba yalipoanza kumwaga mbolea mtoni, nzi wa Mei walitoka siku sita badala ya wiki tatu, na trauti waliopatikana hoteli nzima ungewapanga kwenye meza moja. Kisha akasema Bartley amefanya kazi vya kutosha, apumzike, na Dokta Tuohy amekwisha rudi Dublin, na mwakani hafikirii kuja.

Bartley alimshukuru. Akamsindikiza mpaka getini, akagonga nguzo kwa bega kidogo, akaiomba radhi.

Kisha akaingia bandani kwake akaanza kuiziba mashua. Siku tatu. Kipande cha bati, lami, misumari ya shaba, vyote kwa kupapasa. Noreen alisikia nyundo ikigonga kidole mara kwa mara na hakusikia mtu akilalamika. Alijiambia hiyo ni kazi ya kumpotezea mzee mawazo. Mashua isiyo na mgeni, isiyo na orodha, itakwenda wapi?

Jioni ya siku ya tatu walikuwa mezani. Viazi, siagi, yai moja moja. Jua letu la Mei linachelewa kulala, lilikuwa bado liko dirishani. Noreen alikuwa amejipanga toka asubuhi. Alitaka kuuliza kwanza, kisha akiri.

"Baba, ule ukuta wa Hession ni upi hasa?"

Mzee aliacha kutafuna. Katika miaka yote ya maisha yake binti huyu hakuwahi kuuliza swali la ziwani.

"Una kazi nao gani?"

"Nataka kujua tu."

"Zamani ningekufukuza mezani," alisema Bartley. "Sasa hivi hata paka nitamwambia, alama hizi hazina kazi tena. Si nyumba. Watu wa nchi kavu wote wanadhani ni nyumba. Ni lile banda la kondoo kule juu ya kilima, ukuta wake wa magharibi. Sabina alikuwa akipanda ule mlima na ndoo, na mguu wake mbovu. Nyumba iko chini na iko kushoto. Ukiiweka nyumba chini ya mnara umekwisha kufa zamani."

Noreen alikuwa na kiazi mdomoni. Kilikataa kwenda chini na kilikataa kurudi.

"Na mimi nimeuona mweupe, Noreen. Mahali pasipo pake. Macho nilimpa Mungu sikulalamika, nikasema ziwa lote ninalo humu ndani." Akagonga paji la uso. "Sasa kilima kizima kimehama humu ndani. Mtu akifika hapo anangoja nini?"

Hapo ndipo ilipotakiwa aseme. Baba, kichwa chako ni kizima, ni mimi. Maneno sita au saba. Angemrudishia akili zake zote pale mezani, na papo hapo angemwambia kwamba aliyemtoa ziwani ni binti yake mwenyewe, kwa ndoo na brashi ya mama yake, kwa sababu hakuna aliyemwamini na siri ya alama. Mtaniuliza mimi ningefanya nini. Mimi mwoga, sina haja ya kudanganya. Ningesema kesho.

Noreen naye alisema moyoni kesho. Akaondoa sahani.

Asubuhi alikuwa nje mbele ya nyumba anawapa kuku chakula, kwenye saa moja hivi, kiganja kimejaa mahindi na hotuba yake yote iko tayari mdomoni. Alikuwa ameipanga usiku kucha. Mlango wa mbele ukafunguka na baba yake akatoka.

Alikuwa amevaa koti la mvua la kazini. Alikuja moja kwa moja, akageuza kichwa kidogo ili amwone, akainua mkono, akauweka juu ya nywele zake. Akaupitisha polepole mpaka kisogoni, kama mtu anayemwangalia kondoo kabla ya mnada, kisha akacheka kidogo.

"Nyekundu hizi hata mimi naziona," alisema. "Za mama yako kabisa."

Noreen alisahau hotuba. Alikuwa hajawahi kuguswa asubuhi na baba yake. Alisimama na mahindi yake, akimtazama mzee akishuka njia, akifuata ukuta wa mawe kwa ncha za vidole, na akasema moyoni anakwenda kanisani. Siku ya kawaida ya katikati ya wiki, lakini mtu mwenye huzuni huenda kanisani siku yoyote.

Kuku walimdonoa viatu. Ndipo akaelewa.

Katoka kwa mlango wa mbele!

Mvuvi aliyekikwepa kichwa chekundu miaka yote hii, leo amekuja mwenyewe kukishika. Mtu anayetaka kurudi nyumbani hafanyi hivyo. Na huko chini, gatini, mota ilikohoa mara mbili ikawaka.

Kumkimbilia gatini kusingesaidia, alikwisha toka. Noreen aliingia ndani, akavuta shuka jeupe kutoka kwenye kitanda cha baba yake, na lile kubwa la mama yake kutoka kabatini, akayafunga nyuma ya baiskeli. Bandani kulikuwa na plastiki nyeusi ya kufunikia majani ya ng'ombe. Aliitazama. Ukuta wa nyumba ya Hession ni mrefu kuliko kanisa dogo, mtu mmoja na upepo huu wa kusini-magharibi hawezi kuufunika kwa saa nzima. Njia ya majini ni dakika arobaini, kwa barabara ni nusu saa ukikanyaga hasa. Akaiacha plastiki.

Akakanyaga hasa.

Alimpita Colie Furey akitoa makopo ya maziwa barabarani, akampigia kelele kwamba baba yuko majini peke yake. Colie hakuuliza swali. Aliacha makopo yake palepale akakimbilia ziwani, ila mashua yake iko ng'ambo ya hoteli, na Colie mwenyewe goti lake la kulia si la kukimbia. Sitaki kuwatia matumaini ya bure.

Kilima cha Hession kinapandwa kwa miguu. Noreen alipanda na mashuka mabegani, akaanguka mara moja kwenye miiba, akainuka. Banda lilikuwa pale juu, kama alivyoambiwa, ukuta wake wa magharibi umeota kuvu na umekuwa rangi ya mvua. Kwenye msingi bado kulikuwa na madoa ya chokaa ya mjane, ya miaka na miaka, moja juu ya jingine. Mtu yeyote aliyepanda mpaka hapa angeyaona. Aprili yeye hakupanda.

Alitupa ncha za mashuka juu ya paa akazikandamiza kwa mawe. Moja, la pili. Upepo uliyajaza, akayavuta chini kwa mikono miwili, akasimama ameyashikilia, mgongo wake ukutani, uso majini. Ukuta ukawa mweupe. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Noreen Gavaghan aliliona ziwa Derryvaun kama linavyotakiwa kuonekana: kisiwa cha kunguru, mdomo wa mto, mstari wa maji meusi juu ya mwamba. Na mashua moja, ndogo, na ndani yake mtu mmoja anayegeuza kichwa kushoto na kulia.

Akashangilia kwa sauti, peke yake, sekunde moja.

Kisha akatazama chini na kushoto.

Ukuta wa nyumba ulikuwa pale. Mweupe. Mara mbili umepakwa, na chokaa bado ni mpya, unawaka kuliko mashuka yake.

Kuta mbili nyeupe, na mtu mmoja asiye na katikati ya jicho. Siku ile alikuwa na kosa moja. Leo binti yake amempa la kuchagua, na mtu huyo tayari anaamini kwamba akili zimemtoka. Akiona kilima kimezaa ukuta wa pili ataamini kipi?

Aliita. Aliita Baba mpaka sauti ikapasuka. Lakini upepo wa kusini-magharibi unatoka ziwani, unaleta nchi kavu kila sauti ya majini na haupeleki hata moja. Alisikia kila kitu. Alisikia bata mmoja. Alisikia mota ikipunguza mwendo, ikinguruma chini, ikisita.

Mota ikazimika.

Sasa mashua ilikuwa inakwenda na upepo, ubavu mbele, kando ya Mgongo wa Nguruwe. Bartley hakuinua ufito. Noreen alitazama kama kuna ufito mashuani, hakuuona. Mzee alikuwa amekaa katikati, mikono yake ipo kwenye makasia au ipo magotini, kwa umbali ule huwezi kujua.

Kasia la kwanza likivutwa litasikika. Noreen hakujua lichukue muda gani, kwa hiyo alitumia kipimo pekee cha ziwani alichowahi kukisikia mlangoni. Alishika mashuka kwa vidole vyake vilivyopasuka akaanza Salamu Maria, polepole, bila kuruka neno, masikio yakiwa majini.

Umejaa neema. Upepo. Bwana yu nawe. Bata yule tena.

Alifika kwenye mzao wa tumbo lako, pale ambapo mvuvi hunyamaza akainua ufito. Akasubiri kasia.

Halikusikika kasia.

Na mdomo wake wenyewe, bila kuutuma, ukaingia kwenye nusu ya pili.